Pwani Ile Pale

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai watu wanne walitoka Mji wa Kale, Mombasa, kwenda kuvua kwa mshipi, na usiku wakarudi watatu. Kisa hiki nimekitunga, ndiyo maana watu wake nimewaita kwa kazi zao bila majina. Bahari yao sikuitunga. Ni ile ya Bandari ya Kale, iliyokuwa ikijaa na kupwa hapo kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Na makosa ya wanne hawa ni yale yale ambayo mtu aliyekaa kwenye diko lolote la pwani yetu ameyaona yakifanywa. Mara nyingi wanaoyafanya hurudi salama, na kurudi huko salama ndiko kunakowapa moyo wa kuyarudia.

Mwenye boti alikuwa muuza vipuri vya magari. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, futi 16, na mashine ya nguvu za farasi 15 aliyoinunua mwaka uliotangulia. Wa pili alikuwa dereva wa matatu, mzaliwa wa Likoni, aliyeanza kupiga mbizi kabla hajaanza shule. Wa tatu, fundi wa simu. Wa nne, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Machakos aliyeletwa Mombasa na kazi, asiyejua kuogelea. Walikuwa marafiki wa kweli, wa kuozana na kuzikana. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika yote yaliyofuata hakuna aliyemtakia mwenzake shari, wala hakuna aliyekuwa mlevi au mpumbavu.

Walibeba kamba na ngisi wa chambo, mishipi ya kutosha, ndoana za akiba, sanduku la barafu, mahamri, viazi karai, chupa mbili za chai na jerikeni la maji ya kunywa. Makafi waliyaacha nyumbani, kwa kuwa mashine ilikuwa haijawahi kuwasumbua. Kamba ya nanga ilikuwa ya mita 20. Majaketi manne ya kuokolea maisha yalikuwamo botini, yamesukumwa mbele kabisa chini ya mizigo, bado yako ndani ya nailoni za dukani. Kila mmoja aliaga kwake kwamba anakwenda kuvua. Wapi, na hadi saa ngapi, hakuna aliyesema wala aliyeulizwa.

"Kwani twaenda Pemba?" mwenye boti alimjibu mwalimu alipoulizia makafi. "Pwani ile pale."

Na kweli ilikuwa pale. Mtu anayetoka nje ya mwamba, hadi ardhi ikabaki mstari tu machoni, hujiandaa kwa sababu anaogopa. Ndani ya bandari hofu hiyo haimjii. Anaona madirisha ya watu, anasikia adhana, anawaona vijana wakipunga upepo ukutani, basi anaanza kuihesabu nchi kavu kuwa mojawapo ya vyombo vyake, kana kwamba iko botini pamoja na nanga na kopo la kufulia maji. Kila anachokiacha nyumbani anakiacha kwa sababu ardhi iko karibu. Hakumbuki kujiuliza ardhi hiyo itamsaidiaje akiwa majini na maji yanatoka.

Mwalimu peke yake alitoa jaketi kwenye nailoni akalivaa. Walimcheka. "Mwalimu, hilo joho la mahafali utalivua lini?" dereva alimtania. Naye akacheka pia, lakini hakulivua.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu pale dikoni aliwatazama wakipakia. "Leo bamvu, wanangu. Maji yakisimama saa kumi, kunjeni mishipi mje zenu."

"Inshallah, mzee," walimjibu, kwa heshima, kama mtu anavyoitikia salamu.

Maneno ya mzee yalikuwa na hesabu ndani yake. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hilo ndilo bamvu. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua ikawa kiasi cha mita 1. Na saa za bamvu kwenye pwani hii hazihamihami sana: maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakapwa kabisa baada ya saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kisha kila siku ipitayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Anayetaka dakika kamili atazipata kwenye majedwali ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Anayetaka kujua tu kama leo ni siku ya maji makubwa, na autazame mwezi.

Juu ya Daraja la Nyali, mkono wa bahari wa Tudor huingia bara kiasi cha kilomita 10, hadi kwenye mikoko ambako mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu humwaga maji yake. Ukijaa, hufunika karibu kilomita 20 za mraba. Maji yote hayo, makumi ya mamilioni ya mita za ujazo, hayana njia kubwa ya kurudi baharini ila kupitia ule mlango mwembamba mbele ya Ngome. Wala hayatoki kwa kasi moja. Mabaharia huigawa tofauti ya maji katika sehemu 12: saa ya kwanza hutoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Mtu akiyatazama maji nusu saa baada ya kugeuka, huona bahari inayosogea polepole, akadhani ndivyo itakavyokuwa jioni nzima.

Juu ya hayo Julai ni mwezi wa kusi. Upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, hupata nguvu baada ya adhuhuri, na mlangoni hukutana ana kwa ana na maji yanayotoka. Hapo mawimbi hayawi marefu ya kuinua chombo na kukishusha taratibu. Huwa mafupi, yamesimama wima, moja likifuata jingine kabla chombo hakijajinyanyua. Ukiwa ndani, nyuma ya majumba ya Mji wa Kale, huoni dalili yoyote ya hayo.

Walitoka saa 5 asubuhi maji yakianza kujaa. Yaliwapeleka juu, wakapita chini ya daraja, wakatia nanga mahali pa kina kifupi karibu na mikoko, na kwa saa nne walivua kwa raha. Changu, tafi, na tewa wadogo waliowarudisha majini. Bunju mmoja alinasa akajifutua, naye wakamtupa bila kumgusa kwa mkono mtupu, maana sumu yake haiondoki kwa moto wa jikoni. Tafi alimchoma fundi kwenye kidole, akaguna kwa maumivu. Dereva, mtu wa pwani, alijua la kufanya: alimimina chai ya moto kwenye kikombe, akaichanganya na maji mpaka ikawa ya kuvumilika kwa ngozi, akamwambia atumbukize kidole asikitoe. Joto huidhoofisha sumu ya mwiba ule, na baada ya muda maumivu yalipungua. Nakitaja kidole hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba walikuwa wavuvi wenye maarifa. Kwa madhara madogo ya bahari walijiandaa vizuri sana.

Saa 10 na robo maji yalisimama. Mishipi ikalegea, samaki wakaacha kula, na mwalimu akasema, "Mzee alituambia tukunje." Walikuwa wakikunja kweli. Kisha maji yakageuka, samaki wakaanza kuvuta tena, na dereva akasema, "Kolekole saa hizi wako mlangoni, wanangojea dagaa wanaotolewa na maji."

Alisema kweli. Samaki wakubwa hukaa penye mkondo wakingoja wadogo waletwe. Laiti angekuwa anabahatisha, huenda wasingemfuata. Lakini kila mmoja alijua kwamba anajua, na mbele ya ujuzi huo ule wasia wa mzee ulionekana ni wa kuwatisha wageni. Wakashuka na maji, wakalipita diko walilotokea, wakaenda hadi usawa wa Ngome na kupita kidogo. Mkondo uliwapeleka kwa urahisi, mashine ikinguruma kwa sauti ndogo. Hakuna aliyefikiria kwamba petroli ya kurudi haitakuwa sawa na ya kwenda, kwa kuwa safari ile ile sasa ingekuwa ya kupanda.

Hapo palikuwa na kina cha mita 15 hivi. Kamba ya nanga inatakiwa iwe walau mara tano ya kina, yaani mita 75 mahali kama pale. Kamba ndefu hulala karibu na sakafu ya bahari na kuivuta nanga kwa ubavu, ikajichimbia. Kamba fupi huivuta juu, ikang'oka. Ya mita 20 ikang'oka mara mbili. Mara ya tatu ilinasa kwenye jiwe ikakaza, na kwa kuwa mbele palikuwa na mizigo na watu wawili wenye mishipi, mwenye boti aliifunga nyuma, kwenye pete iliyo kando ya mashine.

Nawaomba wenye boti ndogo walisome hili mara mbili. Mbele ya boti pamechongwa ili papasue maji na painuke na wimbi. Nyuma ni bapa, na penye mashine ukingo hukatwa ukawa chini kuliko sehemu nyingine zote. Nanga ikifungwa nyuma, mkondo wote unaupiga ule ubapa, uzito wa mashine unaushusha, na kamba fupi iliyokaza inauzuia usiinuke wimbi linapokuja. Boti iliyofungwa hivyo kwenye mkondo wa bamvu inangoja wimbi tu. Nanga hufungwa mbele, siku zote, hata maji yakiwa yamelala, na kisu cha kukata kamba hukaa mahali ambapo mkono unafika gizani.

Walivua kolekole wazuri. Saa 12 jioni jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mji na maji yalikuwa yanaingia katika saa zake mbili za nguvu. Wimbi la kwanza lilipanda ukingo wa nyuma likamlowesha mwenye boti mgongo, wote wakacheka. La pili liliacha maji ya kufika kifundo cha mguu. Hapo kicheko kilikwisha. Mwenye boti akavuta kamba ya kuwashia mashine, ikawaka, ikazima. Kisu kilikuwa chini ya samaki. Wote wanne wakakimbilia nyuma kuifungua kamba, na uzito wa watu wanne mahali pamoja ukaikamilisha kazi iliyobaki. Wimbi la tatu liliingia lote. Kamba ikakatika yenyewe, boti ikageuka juu chini.

Simu zote nne zilikuwa mifukoni mwao. Majaketi matatu yalikuwa chini ya boti, ndani ya nailoni.

Dereva ndiye aliyemwona mwalimu akichukuliwa na maji, akamfuata, akamshika jaketi, akamrudisha kwenye boti. Hilo lisisahauliwe. Boti ilikuwa na povu chini ya viti, kwa hiyo haikuzama. Mgongo wake ulibaki juu ya maji na wote wanne wakaushika. Upande wa kulia waliziona taa za mji zikiwaka moja moja.

"Hata mita mia mbili hazifiki," dereva alisema. "Nakwenda kuleta watu."

"Usiende," mwalimu alimwambia.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa majini."

Mwenye boti akasema, "Nenda, twakungoja." Fundi hakusema kitu. Nimewafikiria sana watu hawa watatu na maneno yao, na siwezi kumlaumu mwenye boti: alikuwa anaangalia ukuta wenye watu juu yake, na mbele yake kulikuwa na muogeleaji bora kuliko wote aliowahi kuwajua. Wakati wa kukataa ulikuwa umepita asubuhi, dikoni, yale makafi yalipoachwa.

Muogeleaji wa kawaida, mwenye nguo mwilini na mawimbi usoni, hufanya kilomita 2 kwa saa ikiwa hajachoka. Mkondo wa bamvu kwenye mlango mwembamba unaweza kumzidi karibu mara mbili. Zile mita 200 alizozipima kwa macho zilikuwa mita za maji yaliyosimama. Kwa kila mita aliyoukaribia ukuta, maji yalimsogeza mbili kuelekea nje, na kila alipopumzika, ukuta ulikuwa umehama. Mbele zaidi pwani yenyewe inakwisha na unakuja mwamba, ambako wimbi la kusi linavunjika na hakuna mahali pa kutia mguu. Nako nje njia ya Bandari ya Kale inakutana na njia ya meli za Kilindini, ambazo nahodha wake hawezi kuona kichwa cha mtu jioni, wala hawezi kusimama ghafla akikiona.

Dereva alikulia Likoni, na hakuna mtoto wa Likoni asiyelijua jambo la Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, feri iliyobeba watu kupita kiasi ilipinduka ndani ya bandari ya Kilindini, kiasi cha mita 40 tu kutoka ukingoni. Watu 272 walikufa. Mita 40 ni umbali wa kuitana kwa sauti. Wengi waliolisikia jambo lile walichukua somo moja, kwamba mtoto afundishwe kuogelea, na ni somo zuri. Huenda ndilo lililomfanya dereva awe muogeleaji aliyekuwa. Lakini Mtongwe ilionyesha pia kwamba ukaribu wa nchi kavu peke yake hauokoi mtu, na sehemu hiyo ya somo haikufika kwake.

Wakati haukuwa umemwishia. Mwezi wa Julai maji ya Mombasa huwa na joto la nyuzi 25 hivi, si baridi ya kumuua mtu kwa nusu saa kama bahari za kaskazini ya dunia. Mtu aliyeshika kitu kinachoelea katika maji hayo anaweza kudumu saa nyingi, na boti iliyopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa. Aliyebaki na boti anatafutwa kama boti. Aliyeiacha anatafutwa kama nazi katika bahari nzima.

Usiku ule bahari ilikuwa tupu kuliko kawaida. Wavuvi wa taa hawatoki mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu dagaa hawafuati taa wakati anga lote lina mwanga. Mwezi ule ule uliozaa bamvu uliwaweka nyumbani watu ambao siku nyingine wangepita pale kwa makumi. Watatu walielea hadi karibu na mwamba. Mwalimu alikuwa na kipenga kidogo kilichofungwa kwenye jaketi lake, kama yalivyo majaketi mengi, na alikipuliza hadi midomo ikafa ganzi. Karibu saa 2 usiku mashua ya wavuvi wa mshipi iliyochelewa kurudi kutoka nje ilikisikia kabla haijawaona. Neno la kwanza alilolitoa fundi akipandishwa chomboni lilikuwa jina la dereva.

Boti za wavuvi zilitoka usiku huo, na asubuhi wakaja maofisa wa Walinzi wa Pwani wa Kenya, kikosi kilichoundwa mwaka 2018. Waliuliza maswali ya kazi yao: mlitoka saa ngapi, mlisema mtarudi saa ngapi, nani alijua mko wapi. Kwa swali la mwisho watatu wale walitazamana. Dereva alipatikana siku ya tatu.

Mke wake hakuwalaumu marafiki, wala hakukubali kunyamazishwa na wale waliokuja matangani kumwambia kwamba siku ilikuwa imefika. Alikuwa na hesabu yake. Kama angeambiwa "tutarudi saa 11", saa 12 jioni angekuwa ameshaanza kuuliza, na saa 12 na nusu, mume wake akiwa bado anaogelea na mwanga haujatoweka wote, kungekuwa na boti njiani. Aliirudia hesabu hiyo kwa mwenye boti mara tatu, si kwa kumchoma, bali ili aielewe. Mwenye boti aliielewa. Alinunua kamba ya mita 80 na mnyororo mfupi wa kuitanguliza, akafunga makafi mawili ndani ya boti kwa mpira, na hamruhusu mtu kukanyaga sitaha kabla hajavaa jaketi na kulifunga.

Yeye mjane ana wavulana wawili wanaovua Tudor wikendi, na hakuwakataza. Juu ya meza ya jikoni kuna daftari la shule. Anayetoka anaandika rangi ya boti na nambari ya simu ya mwenyewe, wanakwenda kuvua upande gani, maji yanasimama saa ngapi, na wao watakuwa dikoni saa ngapi. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa bila habari, hapigi simu kwa rafiki wala hangoji barazani. Anapiga 999, anasoma kilichoandikwa, na anamtuma yule aliyebaki nyumbani akimbie dikoni kuuliza ni boti gani ina mafuta.